Kwa nini tunatoza ada ya kupima pikapu inayokula mafuta

Mwezi uliopita mzee mmoja anayechukua samaki kutoka Ngomeni alisimama katikati ya gereji yetu hapa Malindi, risiti mkononi, akasema kwa sauti iliyowafikia wateja wote waliokuwa wamekaa kwenye benchi: "Fundi, umenitoza shilingi 4,000 za kutazama, na kitu chenyewe ulichotia ni cha shilingi 1,800. Huu si uungwana." Nilimwomba akae, nikamwagizia kahawa, nikamweleza kwa urefu, naye akaondoka akiwa ametulia, ingawa sidhani kama aliridhika. Lalamiko hilo hilo, kwa maneno yanayokaribiana sana, limeletwa kwetu na wateja wengine kadhaa mwaka huu, na kwa hiyo nimeona ni haki maelezo niliyompa yeye yawafikie wote, kwa sababu mteja anayetoka kwetu na moyo wa kudhulumiwa ananiuma kuliko kazi niliyoikosa.

Kukitia kile kifaa cha shilingi 1,800 kulituchukua chini ya saa moja. Kujua kwamba ndicho kilichokosekana, na kwamba sensa ya oksijeni, injekta (vile vinyunyizio vya petroli), pampu na kompyuta ya gari vyote vilikuwa vizima, kulituchukua usiku mmoja na nusu ya siku iliyofuata. Ada ya shilingi 4,000 ni malipo ya muda huo na ya vyombo tulivyotumia, na nitaeleza hapa chini muda huo ulikwenda wapi.

Injini ya petroli hufanya kazi yake vizuri inapopata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Petroli ikizidi kipimo hicho, sehemu yake hukosa hewa ya kuungua nayo, ikatoka kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi wenye harufu inayochoma macho, au ikabaki ndani ya injini na kufanya uharibifu ambao mwenye gari hauoni mpaka siku injini inapofunguliwa. Dereva huhisi gari limekuwa zito, silensa inanguruma bila mpangilio likiwa limesimama, na mshale wa mafuta unashuka upesi. Hizo ni dalili tu, na dalili moja inaweza kuletwa na sababu kumi.

Tulipofungua plagi ya kwanza ya pikapu ya mzee, ncha yake ilikuwa imefunikwa masizi makavu, meusi tititi, kama yale ya kitako cha sufuria iliyopikiwa kuni. Nilipitisha kidole, masizi yakabaki kidoleni, na kaure nyeupe ikaonekana chini yake. Masizi makavu ya namna hiyo ni ya petroli iliyozidi. Weusi unaong'aa na wenye unyevu ungekuwa wa oili, nao ungetupeleka kwenye pistoni na ringi, yaani kwenye kazi nyingine kabisa. Plagi zote nne zilifanana, na hilo nalo ni jibu, kwa sababu injekta moja inayovuja huharibu plagi yake peke yake na kuziacha tatu zikiwa safi. Nilichomoa kijiti cha oili, nikakinusa, na hakikuwa na harufu ya petroli. Hapo tulikuwa hatujawasha mashine yoyote, lakini tayari tulikuwa tumeziondoa sababu tatu au nne.

Kabla ya kufungua boneti, hata hivyo, kuna swali tunalomuuliza kila mteja: umejuaje kwamba gari linakula mafuta? Wengi hupima kwa pesa. Mteja hutuambia kwamba zamani mafuta ya shilingi kadhaa yalimfikisha Mombasa na siku hizi yanaishia Kilifi, na kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya nishati inapotangaza bei mpya na bei hiyo ikiwa imepanda, simu yangu hulia kuliko siku nyingine. Bei ikipanda si ugonjwa wa injini. Kipimo tunachokikubali ni cha lita na kilomita: jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, andika namba ya kilomita, endesha zaidi ya kilomita 200 kwa kazi zako za kawaida, kisha rudi kwenye kituo kile kile, na ikiwezekana kwenye pampu ile ile, ujaze tena kwa namna ile ile. Gawanya kilomita kwa lita ulizotia mara ya pili. Mtu akija na namba hiyo ameshatupunguzia kazi, na tunamshukuru.

Mteja mmoja kijana, anayepeleka maembe kutoka Marafa, alikuja akiwa na hakika kwamba injini yake imeharibika tangu mwezi wa tatu. Tulipoitazama pikapu yake tuliona ina tairi mpya, pana na ndefu kuliko zile za kiwandani. Tulipiga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, tukaisukuma gari mpaka alama ikarudi chini, tukapima kwa futi: mita 2.43. Tairi ya akiba, ambayo ilikuwa bado ya zamani, ilitoa mita 2.29. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita 100 zilizoonekana kwenye dashibodi, gari lilikuwa limekwenda kilomita 106, nazo kilomita 6 hazikuwa zikihesabiwa. Tairi nzito huongeza ulaji wa mafuta kidogo, hilo ni kweli, lakini injini yake ilikuwa nzima. Alilipa ada ya ukaguzi akaenda zake, na hakuna spea hata moja iliyouzwa.

Kesi nyingine nitaigusa kwa uangalifu. Mama mmoja mwenye biashara yake aliajiri dereva, na hesabu yake ya mafuta ilikuwa mbaya kila wiki. Sisi tulipoendesha gari kwenda Kilifi na kurudi, tulipata karibu kilomita 9 kwa lita. Yeye kwenye daftari lake alikuwa na kilomita 6. Tulirudia mara ya pili tukapata yale yale. Tulimkabidhi mama karatasi ya vipimo, tukamwambia kwamba injini yake haina tatizo, na hatukuongeza neno, kwa kuwa kazi yetu ni injini na hatuna ushahidi juu ya mtu. Alizielewa zile namba.

Sasa nirudi kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za wateja hupotelea. Siku hizi kijana yeyote anaweza kununua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma namba ya hitilafu kwenye simu, na wengi hutoza shilingi 500 kwa kazi hiyo. Namba inayotoka mara nyingi kwenye gari linalokula mafuta ni P0172, ambayo maana yake ni kwamba mafuta yamezidi hewa. Kwenye Toyota za zamani, ambazo hazina soketi hiyo, tunaunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuhesabu taa ya injini inavyomweka: mbili kisha sita ni 26, yaani maneno yale yale. Mteja anaambiwa kwamba sensa ya oksijeni imekufa kwa sababu ndiyo iliyotoa habari, naye ananunua nyingine. Mzee wa Ngomeni alikuwa ameshanunua mbili kabla ya kufika kwetu, moja ya mtumba kwa shilingi 3,500 na ya pili mpya ya kampuni isiyojulikana kwa shilingi 7,000, na ulaji wa mafuta haukubadilika hata kidogo.

Sensa ya oksijeni ni shahidi. Inakaa kwenye ekzosi, inapima hewa iliyobaki baada ya mafuta kuungua, na inaiambia kompyuta ilichokiona kwa umeme mdogo sana, chini ya volti moja: ikikaribia 0.9 mafuta yamezidi, ikikaribia 0.1 hewa imezidi, na ikiwa nzima, injini ikiwa moto, hupanda na kushuka kati ya pande hizo mbili bila kutulia. Shahidi akisema kuna moshi, humkamati yeye. Unamtafuta aliyewasha moto. Kwa hiyo sisi tunaijaribu sensa kwanza, kwa kuipa mafuta kwa makusudi na kisha kuinyima, na ikijibu upesi pande zote mbili tunaiacha mahali pake.

Wakati mwingine shahidi mwenyewe hudanganywa, na hapa ndipo mtu anayeitegemea namba peke yake hupotea kabisa. Tuliletewa pikapu iliyokuwa ikitoa moshi mweusi, plagi zake nyeusi kama za mzee, lakini kompyuta ilikuwa ikilalamika kwamba hewa imezidi. Fundi aliyeitazama kabla yetu aliamini kompyuta, akatafuta mahali pa kuongeza mafuta, hali ikazidi kuwa mbaya. Plagi zilisema mafuta mengi, kompyuta ikasema hewa nyingi, na mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja ndani ya silinda moja. Tulipoiinua gari tukakuta manifoldi ya ekzosi ilichomelewa zamani na weldi imepasuka, ufa usiozidi urefu wa ukucha, ukiwa juu kidogo ya sensa. Kati ya pumzi moja ya ekzosi na nyingine, ufa ule ulikuwa ukivuta hewa ya nje, sensa ikaihesabu hewa hiyo kama imetoka kwenye injini, na kompyuta ikaongeza petroli kila ilipoambiwa hewa imezidi. Tuliwasha injini ikiwa baridi, nikazungusha kitambaa kilicholowa karibu na ufa, na mlio wa "fyu-fyu-fyu" ukanyamaza kila kitambaa kilipouziba. Kazi ilikuwa ya kuchomelea upya, na kuchomelea vizuri, kwa saa mbili.

Kwa mzee, sensa ilikuwa nzima na ekzosi haikuwa na ufa. Kompyuta ilikuwa ikipunguza mafuta kwa asilimia 22 kujaribu kurekebisha mambo, ilhali sisi huanza kutilia shaka inapopita 10. Pampu ilikuwa ikisukuma kwa takriban bar 3 kama inavyotakiwa, na baada ya kuzima injini geji ilibaki pale pale, kwa hiyo injekta hazikuwa zikivuja. Nilichomoa kimpira kidogo cha regulata ya mafuta, kifaa kinachodhibiti shinikizo la petroli, nikakikuta kikavu. Kingekuwa na petroli ndani, tungejua kwamba ngozi ya regulata imepasuka na injini inainywa petroli kwa mlango wa nyuma. Zilibaki habari za joto, na joto haliwezi kupimwa kwa haraka. Ndiyo maana pikapu yake ililala kwetu.

Asubuhi, kabla mtu yeyote hajaigusa, nilisoma joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia, vyote kwa macho ya kompyuta. Gari lililolala usiku kucha linapaswa kutoa namba mbili zinazokaribiana sana, kwa kuwa chuma, maji na hewa vimelala pamoja. Zote mbili zilisoma nyuzi 27. Sensa ya maji, basi, ilikuwa inasema kweli. Tukaiendesha mpaka Gede na kurudi, mashine ikiwa imechomekwa na kijana wangu akiandika namba kila baada ya dakika mbili. Joto lilipanda mpaka nyuzi 61, likafika 64, likagusa 68 tuliposimama kwenye msongamano, na barabara ilipofunguka likashuka tena. Thamostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwenye injini ile hufunguka kwenye nyuzi 82, na injini haipaswi kutembea chini ya hapo baada ya dakika chache za mwanzo. Tulipofungua kifuniko cha thamostati, ndani hamkuwa na kitu, isipokuwa mabaki ya silikoni ya zamani ukingoni.

Mpwa wa mzee, ambaye ndiye dereva, akakumbuka. Miaka kadhaa nyuma gari lilichemka likiwa njiani kwenda Garsen, na fundi wa huko akaitoa thamostati na kuitupa akisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha watu wa baridi. Usemi huo nimeusikia kwa mafundi wengi wa pwani na ninaupinga kwa nguvu zangu zote. Thamostati haiwekwi kwa ajili ya hali ya hewa ya nchi. Inawekwa ili injini ifike upesi kwenye joto lake na ikae hapo, iwe Lamu au Limuru. Ikiondolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na gari linalotembea kwa kasi alfajiri, likipigwa na upepo wa bahari, halifikii joto lake abadani. Kompyuta, ikiona maji ni ya nyuzi 61, hudhani injini imewashwa sasa hivi, ikaendelea kuipa mafuta ya ziada ya asubuhi mpaka jioni. Oili nayo hubaki nzito, na unyevu haukauki ndani yake.

Gari lilichemka kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ni ya kwetu kabisa. Rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya kisima. Maji ya visima vyetu vingi hapa pwani yana chumvi na chokaa, na ukiyachemsha kwenye rejeta kila siku huacha ukoko ule ule unaouona kwenye birika, mpaka njia za maji zinaziba. Rejeta ya mzee ilikuja kubadilishwa baadaye, lakini hakuna aliyekumbuka kuirudisha thamostati, na kwa miaka yote hiyo mafuta yaliendelea kuliwa. Tulitia thamostati mpya, gasketi mpya na maji maalumu ya rejeta, tukasafisha plagi. Thamostati shilingi 1,800, kazi 1,500, ada ya kupima 4,000. Alipopima tangi lake kwa njia niliyoieleza, alitoka kwenye kilomita 6.5 kwa lita akafika 8.3. Yeye huenda kama kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi kwa kuwa Ijumaa hatoki, na hesabu hiyo ni akiba ya zaidi ya lita 50 kila mwezi. Nilimwonyesha hesabu hii siku ile ile aliponilalamikia, na ninaiweka hapa kwa idhini yake.

Chumvi ina njia nyingine ya kutusumbua. Pikapu zinazochukua samaki na barafu, na zile zinazoshinda kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, hutuletea hitilafu za waya ambazo fundi wa bara huenda asizione mwaka mzima. Kijana mmoja alikuja akiwa tayari ameuziwa kompyuta ya mtumba ya shilingi 35,000, akaambiwa ile ya kwanza imeungua. Gari lilikuwa linakula mafuta likiwa na kompyuta yoyote kati ya hizo mbili, ya zamani au ya mtumba. Mashine ilionyesha maji ya nyuzi 12 asubuhi, na mimi sijawahi kuona asubuhi ya nyuzi 12 Malindi. Niliivuta soketi ya sensa ya maji, na pini moja ikabaki mkononi mwangu, imegeuka unga wa kijani. Sensa hiyo hupunguza ukinzani wake kadiri injini inavyopata moto, kwa hiyo kutu yoyote inayoongeza ukinzani kwenye waya huiambia kompyuta kwamba kuna baridi kali, na kompyuta humwaga petroli. Tulikata waya mpaka kwenye shaba nyekundu, tukalehemu soketi mpya, tukaifunika kwa mpira wa kubana kwa moto. Aliyemuuzia ile kompyuta alikataa kuirudisha.

Kuna wale ambao hawapimi wala hawanunui kitu, wanaendelea tu kuendesha na kutia mafuta. Hao ndio wanaonihuzunisha zaidi, kwa sababu wanadhani hasara yao inaishia kwenye pampu. Petroli isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zikabaki zikisugua chuma kwa chuma. Inayobaki huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na mwenye gari, akiona kiwango cha oili kwenye kijiti kimepanda badala ya kushuka, hufurahi kwamba injini yake haili oili. Mteja mmoja tulimwambia kwamba injekta yake ya tatu inavuja na kwamba kijiti chake kinanuka petroli. Injekta ya kubadilisha ingemgharimu shilingi 9,000 pamoja na kazi. Akasema atarudi mwisho wa mwezi. Alirudi baada ya miezi mitano, gari likivutwa kwa kamba, na injini ilipofunguliwa silinda ya tatu ilikuwa na michirizi ambayo ukucha ulikwama ndani yake. Bili ilizidi shilingi 110,000. Katalitiki, lile kopo la kwenye ekzosi lenye matundu kama ya sega la asali, nalo lilikuwa limeyeyuka ndani kwa sababu petroli ilikuwa ikiungulia humo.

Njia za mkato ninazozijua ni nyingi, ila mbili nazisema kwa sababu zinatuzuia hata sisi kufanya kazi. Ya kwanza ni kuchomoa betri usiku kucha ili taa ya injini izimike. Taa huzimika kweli, lakini kompyuta inasahau kila ilichojifunza, pamoja na ile picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea, na sisi tunalazimika kuliendesha gari upya mpaka kosa lijirudie, kwa mafuta yako. Ya pili ni kupuliza filta ya hewa kwa kompresa. Kwenye pikapu za zamani za kabureta, filta iliyoziba huongeza mafuta kweli, na kuibadilisha husaidia. Kwenye injini ya injekta, ambapo kompyuta inapima hewa inayoingia, filta chafu hupunguza nguvu lakini mara nyingi haibadilishi mchanganyiko, kwa hiyo kupuliza hakutakupa kilomita hata moja zaidi, na upepo mkali wa kompresa hutoboa karatasi ya filta matundu usiyoyaona, na vumbi la njia ya Baricho likaingia moja kwa moja kwenye silinda. Filta mpya ni bei nafuu. Ibadilishe.

Kuhusu malori ya dizeli nitasema machache, kwa kuwa ugonjwa wake ni wa namna nyingine. Dizeli hupewa hewa yote inayoweza kuingia, na nguvu hutawaliwa kwa mafuta peke yake, kwa hiyo moshi mweusi wa mfululizo humaanisha hewa haitoshi au mafuta yanamwagwa vibaya: filta imeziba, mpira wa tabo inayosukuma hewa kwenye injini umepasuka, nozeli zinatiririsha mahali pa kupuliza ukungu, au mtu amefungua skrubu ya pampu ili lori lipande mlima na mzigo wa mawe. Hiyo ya mwisho tunaikuta mara kwa mara, na tukiirudisha dereva hulalamika kwamba lori limelegea. Nozeli tunazipima kwenye mashine yake kwa shinikizo, na kipimo hicho kina ada yake.

Bei yetu ya kupima pikapu ya petroli ni shilingi 4,000, na haibadiliki ikiwa tutagundua sensa ya shilingi 12,000 au mpira wa shilingi 150. Baadhi ya wateja wameniomba niifute ada na kuiongeza kwenye bei ya spea, kama wafanyavyo wengine. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Fundi anayekula kwenye spea peke yake ana sababu ya kuona spea imeharibika, nami sitaki sababu hiyo iwe ndani ya gereji yangu. Ada inalipia kulala kwa gari, kipimo cha shinikizo la mafuta, kipimo cha joto asubuhi, safari ya majaribio, ukaguzi wa plagi, waya na ekzosi, na karatasi iliyoandikwa namba zote, ambayo ni yako na unaweza kuipeleka kwa fundi yeyote akakufanyia kazi. Tukikosea, yaani tukitia kifaa tulichokitaja na ulaji usibadilike, tunalipima tena bila malipo na kifaa hicho tunakitoa na kukurudishia pesa yako. Hilo limetokea mara mbili tangu tuanze, na mara zote mbili tulirudisha.

Ukitaka kutuletea pikapu yako, ilete jioni kabla ya Magharibi ili ilale na tuisome asubuhi ikiwa baridi. Usichomoe betri wala usimruhusu mtu afute namba za hitilafu. Iwe na angalau robo tangi ya mafuta. Plagi za zamani na sensa ulizokwisha kuzitoa usizitupe, zitie kwenye mfuko uje nazo, na anayeiendesha kila siku, hata kama si wewe mwenye gari, aje pamoja nawe, kwa sababu kwa mzee wa Ngomeni ni mpwa wake aliyetuambia habari ya Garsen.